Mwongozo wa Kufilisika Bila Kuruka Hatua

Vitabu vya kufundisha watu kutajirika vimejaa madukani na kwenye turubai za wauza vitabu wa kando ya barabara. Mwongozo huu unafundisha kinyume chake, na nina sababu. Utajiri unategemea mambo mengi ambayo hayako mikononi mwa mtu: alikozaliwa, mshahara anaolipwa, afya ya watu wake, utulivu wa nchi. Kufilisika hakuhitaji yote hayo. Njia zake ni chache, hazijabadilika kwa karne nyingi, na yeyote atakayezifuata atafika. Ndiyo maana zinafundishika, na ndiyo maana anayezijua vizuri anazitambua hata zinapomjia kwa jina jipya.

Hatua ya kwanza ndiyo mama wa nyingine zote: hakikisha pesa unayowekeza ina haraka. Pesa yenye haraka ni ile ambayo tayari ina mwenyewe mwingine. Ada ya mtoto ya Januari. Kodi ya nyumba ya miezi sita. Mkopo wa benki wenye marejesho kila mwisho wa mwezi. Chukua pesa ya namna hiyo, kaiweke mahali pazuri kabisa, penye faida ya kweli, na bado una nafasi kubwa ya kuipoteza. Si lazima utapeliwe. Haraka peke yake inatosha.

Mfano bora ninaoujua ni wa Kenya, mwaka 2008. Serikali iliuza kwa umma asilimia 25 ya kampuni ya Safaricom: hisa bilioni 10, kila moja kwa shilingi 5 za Kenya. Mauzo yalifunguliwa mwishoni mwa Machi yakafungwa Aprili. Miaka miwili kabla ya hapo, hisa za KenGen zilikuwa zimeuzwa kwa shilingi 11.90, na zilipoingia sokoni zikapanda zaidi ya maradufu. Kumbukumbu hiyo ilikuwa bado mbichi, na watu walihesabu kwamba Safaricom ingefanya vilevile: nunua leo, uza wiki ijayo, rudisha mkopo, ubaki na faida. Benki zilitangaza mikopo maalumu ya kununulia hisa. Waombaji walipita laki nane.

Sasa mfuate mmoja wao, aliyekopa shilingi 100,000. Kwa kuwa maombi yalizidi sana hisa zilizokuwepo, mwananchi wa kawaida alipewa kama moja ya tano tu ya alichoomba. Kwa hiyo karibu shilingi 20,000 za mtu wetu ndizo zilizogeuka hisa. Zilizobaki zilikaa kwa wiki kadhaa zikisubiri kurudishwa, na muda wote huo riba ya benki ilikuwa inahesabiwa kwenye laki moja nzima. Tarehe 9 Juni hisa zikaanza kuuzwa sokoni. Mwanzoni zilipanda hadi zikapita shilingi 7. Kisha zikaanza kuteremka. Kabla mwaka haujaisha zilikuwa chini ya shilingi 5 alizonunulia, na mwanzoni mwa 2009 zilikuwa chini ya 3. Yeye hakuwa na uwezo wa kukaa na kutazama. Marejesho yalikuwa yanakatwa. Akauza kwa hasara, na wengi wa namna yake waliapa hawatagusa hisa tena maishani.

Jirani yake alipata hisa 1,000 kwa shilingi 5,000 za akiba yake mwenyewe. Naye aliiona bei ikiteremka hadi chini ya 3, na hakufurahi. Ila hakuna mtu aliyekuwa anamdai, basi akaziacha zilipo. Gawio la mwaka ulioishia Machi 2009 lilikuwa senti 10 kwa hisa, yaani shilingi 100 kwa hisa zake zote, pesa ambayo mtu anaweza kuidharau. Miaka ikaenda. Mwaka 2021 bei ya hisa moja ilipita shilingi 40. Kwa mwaka ulioishia Machi 2024 kampuni ililipa gawio la shilingi 1.20 kwa hisa. Kwa mtu wa hisa 1,000 hiyo ni shilingi 1,200 kabla ya kodi, karibu robo ya mtaji wake wote wa mwanzo, kwa mwaka mmoja. Shilingi ya 2024 hainunui kilichonunuliwa na shilingi ya 2008, hilo lazima lisemwe. Hata ukiliondoa, tofauti ya majirani hawa wawili ni kubwa mno.

Kampuni ni ileile, bei ni ileile, mwezi ni uleule. Jirani hakuwa mjuzi wa soko kuliko mwenzake. Hakujua kusoma mizania ya kampuni, wala hakuwa na rafiki serikalini wa kumnong'oneza. Alikuwa na pesa isiyo na haraka, na hicho ndicho kitu pekee kilichowatenganisha. Ningeweza kuumaliza mwongozo huu hapa, kwa sababu karibu hatua zote zinazofuata ni namna mbalimbali za kuitia pesa haraka.

Hatua ya pili: nunua kitu kwa sababu kimepanda. Waliokuja kuinunua Safaricom mwaka 2021 kwa shilingi 40, baada ya kusimuliwa habari za waliotajirika, waliiona mwaka 2023 ikiuzwa chini ya 15. Hisa ilikuwa njema, bei ndiyo ilikuwa mbaya. Na usidhani kosa hili ni la watu wasiosoma. Isaac Newton, aliyeeleza mwendo wa sayari, alinunua hisa za Kampuni ya South Sea huko London, akaziuza na kupata faida. Mwaka 1720, alipoona bei inazidi kupaa na marafiki zake wanazidi kutajirika bila yeye, alirudi akanunua tena kwa bei ya juu, na kampuni ilipoporomoka akapata hasara kubwa. Mtu huyo alikuwa na akili kuliko karibu wote waliowahi kuishi. Kilichomshinda ni kukaa pembeni na kuwaona wengine wanapata.

Hatua ya tatu: weka mayai yote kwenye kapu moja. Weka kila ulichonacho kwenye kampuni moja, kiwanja kimoja, basi moja la abiria, shamba moja la matikiti. Kusubiri peke yake hakumsaidii mtu aliyeweka vyote pamoja. Walioshika hisa za kiwanda cha sukari cha Mumias, Kenya, walisubiri kwa uvumilivu mkubwa, na mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali ya kampuni inayodaiwa. Uvumilivu una maana ukiwa umesambaza. Ukikosa kusambaza, unavumilia tu.

Hatua ya nne inahitaji nafasi kubwa zaidi, kwa sababu ndiyo inayowaliza watu wengi kwa siku moja. Nayo ni hii: amini faida kubwa yenye uhakika.

Mwaka 1920 huko Boston, Marekani, mhamiaji wa Kiitaliano aitwaye Charles Ponzi aliwaahidi watu asilimia 50 kwa siku 45. Maelezo yake yalikuwa na ukweli ndani yake, kama ilivyo kwa maelezo yote ya matapeli wazuri. Kulikuwa na kuponi za posta za kimataifa, ambazo mtu angeweza kuzinunua Ulaya kwa bei nafuu, sarafu za huko zikiwa zimeanguka baada ya vita, kisha akazibadilisha Marekani kwa stempu zenye thamani zaidi. Ilikuwa biashara halali. Watu walipanga foleni. Waliofika mwanzo walilipwa, kwa wakati, na wakawaita ndugu zao.

Aliyeibomoa hadithi hiyo hakuhitaji siri yoyote. Clarence Barron, mwandishi wa habari za fedha, alipiga hesabu tu. Ili Ponzi aweze kulipa alichoahidi kwa pesa aliyokuwa amekusanya, kungehitajika kuponi kama milioni 160. Zilizokuwa zikizunguka zilikuwa kama 27,000. Hesabu hiyo ilichapishwa gazetini, na bado kulikuwa na watu waliozidi kumshangilia Ponzi barabarani. Agosti mwaka huohuo mpango ukaanguka. Pesa za waliochelewa ndizo zilizokuwa zimewalipa waliowahi. Hapakuwa na kitu kingine.

Chukua kalamu, ufanye hesabu nyingine ndogo. Asilimia 50 kwa siku 45, ukiirudisha yote ndani kila inapoiva, ni mizunguko minane kwa mwaka. Laki moja inakuwa zaidi ya milioni mbili na nusu mwisho wa mwaka wa kwanza. Mwisho wa mwaka wa pili inapita milioni 65. Mwenye mashine hiyo angekuwa tajiri kuliko benki zote za nchi ndani ya miaka michache, akianza na laki moja yake mwenyewe. Muulize basi, kwa heshima kabisa, anataka laki yako ya nini.

Tanzania ilipata somo lake kupitia mpango ulioitwa DECI. Kuweka pesa kuliitwa kupanda mbegu, na kulipwa kuliitwa kuvuna. Walioanzisha mpango huo walikuwa watumishi wa makanisa, na lugha yao ilikuwa ileile waumini waliyoizoea Jumapili. Mwaka 2009 serikali iliuzuia, na baadaye viongozi wake wakatiwa hatiani katika Mahakama ya Kisutu. Upande wa Kenya, mipango ya aina hiyohiyo ilikuwa imesambaa miaka hiyohiyo, na kikosi kazi cha serikali kilikuta kwamba wananchi walikuwa wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya.

Nakataa kuwacheka watu hawa. Mama aliyemwona shemeji yake akivuna kwa macho yake hakuwa mjinga kuamini alichokiona. Ushahidi aliokuwa nao ulikuwa wa kweli: shemeji alilipwa. Swali la kwamba pesa hiyo imetoka kwa nani hakuwa na wa kumuuliza, na aliyemwalika alikuwa mtu anayemheshimu. Matapeli wa leo hawana tena hata haja ya ofisi. Wana kundi la WhatsApp, picha ya gari, na mtu wa kusema kwamba nafasi zinafungwa saa sita usiku. Watakutajia hata methali: chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Angalia hapo ni nini kinatokea. Mtu huyo anaitia pesa yako haraka ambayo haikuwa nayo asubuhi. Uwekezaji wa kweli utakuwepo pia wiki ijayo. Hisa zitauzwa Jumatatu na Jumanne. Hati fungani za serikali zitapigwa mnada tena. Kinachofungwa usiku wa leo na kisirudi ni mtego tu.

Hatua ya tano: kopa kausha damu, ule mkopo wa mtaani wenye riba kali. Jina hili wamelitoa wakopaji wenyewe, na wamelitoa kwa haki. Mkopeshaji hana leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, ingawa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo. Anachukua kadi yako ya benki na namba ya siri, na mshahara unapoingia yeye ndiye anayefika kwenye mashine kabla yako. Kuna kanuni ya zamani inayokuonyesha jinsi riba inavyokimbia. Ilikuwa tayari imeandikwa katika kitabu cha hesabu cha Luca Pacioli mwaka 1494. Gawa 72 kwa kiwango cha riba, na jibu ni muda ambao pesa itachukua kuongezeka maradufu. Akiba inayozaa asilimia 12 kwa mwaka inajizidisha mara mbili kwa miaka sita. Deni la asilimia 20 kwa mwezi linajizidisha mara mbili kwa muda usiofika miezi minne. Kanuni ni moja. Kwa anayeweka akiba inafanya kazi polepole, na kwa anayedaiwa inafanya kazi usiku na mchana. Hakuna uwekezaji halali unaoweza kukuhakikishia asilimia 20 kwa mwezi, kwa hiyo mwenye deni la namna hiyo asitafute mahali pa kuwekeza. Kulimaliza deni hilo ndiyo faida kubwa kuliko zote zilizo mbele yake.

Hatua ya sita: ficha pesa ndani ya godoro. Mwaka 2019 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zingekoma kuwa pesa tarehe 30 Septemba. Muda ulipokwisha, noti zipatazo milioni 7.4 zilikuwa hazijarudishwa. Ni shilingi bilioni 7.4 zilizogeuka karatasi. Sehemu yake bila shaka ilikuwa pesa chafu ambayo wenyewe waliogopa kuipeleka mbele ya karani. Lakini sidhani kwamba ilikuwa yote. Na hata noti isipofutwa, kupanda kwa bei kunaila kila mwaka palepale ilipolala.

Kubeti nakutaja kwa ufupi. Kijana anayechana mkeka kila Jumamosi anacheza na kampuni iliyopanga viwango vyake ili ibaki na faida mwisho wa msimu. Hakuna uchambuzi wa timu utakaolibadili hilo. Na kiwanja kisicho na hati ni vivyo hivyo: muuzaji mwenye haraka, bei ya chini, shahidi wa kuokotwa. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, nenda ofisi ya ardhi ukaangalie jina lililoandikwa kwenye rejesta ni la nani.

Sasa mtu atauliza kwa haki: pesa isiyo na haraka mimi nitaipata wapi? Mshahara unaingia tarehe 25 na tarehe 5 umekwisha. Kuna msiba wa mjomba, kuna mchango wa harusi, kuna bibi anahitaji dawa. Waandishi wengi wa vitabu vya utajiri hapo humwambia msomaji aache kuchangia ndugu. Sikubaliani nao hata kidogo. Mchango wa msiba ndiyo bima ambayo watu wetu walikuwa nayo kabla ya kampuni za bima, na anayejitoa humo atabaki peke yake siku ikiwa zamu yake. Tatizo si kwamba dharura zipo. Tatizo ni kwamba dharura zikija zinakuta mfuko mmoja tu.

Na hili wanawake wa vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, wamelijua kuliko wataalamu wengi. Njoo ukae kwenye kikao chao uone. Katikati kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa wanachama watatu, na sanduku lenyewe hutunzwa na mtu wa nne asiye na ufunguo hata mmoja. Wenye funguo wanafungua mbele ya watu wote. Kabla ya kupokea chochote, mwenyekiti anauliza: kikao kilichopita tuliacha kiasi gani? Wanachama wanajibu kwa kumbukumbu, pesa inahesabiwa kwa sauti, na ikilingana ndipo kazi inaanza. Kila mmoja anaitwa kwa namba yake, anatoa pesa ya hisa zake, na katibu anagonga muhuri kwenye kijitabu chake, muhuri mmoja kwa kila hisa. Hata asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri yake. Mzizi wa utaratibu huu uko Niger, mwaka 1991, pale shirika la CARE lilipofanya kazi na vikundi vya wanawake vijijini, na kutoka huko umeenea nchi nyingi za Afrika.

Tazama ndani ya sanduku. Kuna mifuko miwili. Mmoja ni wa hisa, unaokopeshwa wanachama kwa riba na kugawanywa mwisho wa mzunguko. Mwingine ni mfuko wa jamii, wa msiba, ugonjwa na moto, na kila mmoja anauchangia kidogo kila kikao. Mfuko mdogo unaulinda mkubwa. Mwanachama akifiwa, hakimbilii hisa zake, wala hauzi mbuzi kwa bei ya kutupa, wala hampelekei mkopeshaji kadi ya benki. Anachukua kwenye mfuko wa jamii, na pesa yake nyingine inabaki ikizaa pale ilipo. Pesa isiyo na haraka hupatikana hivyo: kwa kuwa na pesa nyingine, ndogo, iliyo karibu, ambayo kazi yake ni kupokea haraka yote. Kwa mwenye mshahara, anzia kwenye matumizi ya mwezi mmoja, yakae akaunti ya pembeni au kwenye mfuko wa ukwasi unaoweza kutolewa ndani ya siku chache. Yakifika miezi mitatu, una jambo ambalo wengi wenye magari hawana.

Kikoba kina udhaifu wake, na nawaambia wanachama waziwazi. Kinavunjwa kila baada ya miezi kama 12, mara nyingi karibu na sikukuu, na mara nyingi pesa yote inakwenda na sikukuu. Kila Januari mwanachama anaanza upya kutoka sifuri. Faida haipati mwaka wa pili wa kuzaa juu ya faida, na riba juu ya riba ndiyo kazi nzima. Siku ya kuvunja, toa sehemu, hata moja ya tano, iende mahali ambapo haitavunjwa mwakani. Kwa Tanzania mahali hapo pamekuwepo kwa muda mrefu: vipande vya Mfuko wa Umoja wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, vinauzwa tangu 2005, hisa zinauzwa Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu 1998, na hati fungani za serikali zinanunulika kupitia benki au dalali kuanzia shilingi milioni moja. Mwanachama mmoja hana milioni. Kikoba kinayo.

Anayedhani njia hii ni ya waliosoma tu amtazame Ronald Read wa Vermont, Marekani. Alifanya kazi kituo cha mafuta kwa karibu miaka 25, kisha akawa mfagizi wa duka la JCPenney kwa miaka 17. Koti lake alilifunga kwa pini. Alipofariki mwaka 2014 akiwa na miaka 92, majirani waligundua ameacha karibu dola milioni 8. Dola milioni 4.8 alizipa hospitali ya mji wake, na milioni 1.2 maktaba. Alikuwa na hisa za kampuni zipatazo 95, nyingi za kampuni zenye kulipa gawio, na gawio alilitumia kununua hisa nyingine. Mojawapo ya kampuni zake ilikuwa benki ya Lehman Brothers, iliyoanguka kabisa mwaka 2008. Haikumwangusha, kwa sababu ilikuwa moja kati ya nyingi. Alikuwa na bahati ya kuzaliwa kwenye soko lililokua kwa karne nzima, na mfagizi wa Morogoro hana soko hilo. Yanayohamishika ni mengine: kutumia pungufu ya unachopata, kusambaza, kurudisha gawio ndani, kutouza kwa hofu, na kuishi maisha marefu ukifanya hivyo tu. Katika hayo yote hakuna linalohitaji shahada.

Warren Buffett mwenyewe, mwekezaji maarufu wa Marekani, alipokuwa na miaka 11 mwaka 1942, alinunua hisa tatu za kampuni ya Cities Service kwa dola 38 kila moja, zikateremka hadi 27, na zilipopanda kidogo akaziuza kwa 40. Baadaye zilifika kama 200. Mtoto huyo alikuwa amemnunulia na dada yake, na malalamiko ya dada ndiyo yaliyomtia haraka. Alilijua kosa la haraka mapema. Wengi wetu tunalijua tukiwa na miaka 50, na ada za watoto mezani.

Imebaki hatua ya mwisho, na ndiyo inayozipa nguvu nyingine zote. Nyamaza. Ukilizwa, usimwambie mtu. Usimwambie mke wala mume, usiripoti polisi, usiandikie Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, usiseme msikitini wala kanisani. Ukinyamaza, tapeli yuleyule ataweza kuhamia mtaa wa pili na maneno yaleyale, na atawakuta watu wamepumzika. Mpango wa Ponzi una zaidi ya miaka 100 na bado unafanya kazi kila mwaka. Haudumu kwa werevu wa matapeli. Unadumu kwa aibu ya waliolizwa, kwa sababu kila kizazi kinaanza kujifunza peke yake, kwa pesa yake, huku wazee wanaojua wamekaa kimya sebuleni.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hatua hii moja naomba uivunje wiki hii. Kikao kijacho cha kikoba chenu, au siku familia itakapokutana, simama uwaeleze mpango uliokuliza uliitwaje, uliambiwa maneno gani, na uliambiwa nafasi zinafungwa lini. Mweleze hasa kijana aliyepata mshahara wake wa kwanza mwezi huu. Na ukieleza, tafadhali utaje na kiasi.